Kilo 343 za maji

Chukua tani 30 za mahindi, mzigo wa lori moja na tela lake. Yanaingia stoo mwezi Juni yakiwa na unyevu wa asilimia 13.5, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa na kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki. Yanakaa chini ya bati mpaka Septemba, kusi ikipiga madirishani, na siku ya kuyatoa kipima unyevu kinasoma asilimia 12.5. Hakuna aliyeiba hata kibaba. Panya hawakufika. Lakini ukiyapandisha kwenye mizani unapata kilo 29,657. Zile 343 zimekwenda hewani zikiwa maji. Hesabu yake haina ugumu: sehemu kavu ya nafaka, kilo 25,950, ni ileile siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kilichopungua ni maji peke yake.

Swali ni nani atazilipa.

Kwenye maghala mengi ya jiji hili la Dar es Salaam jibu linajulikana kabla mizani haijatulia. Mhasibu anachukua leja, anatoa kilichotoka kwenye kilichoingia, anazidisha upungufu kwa bei ya kilo, na mwisho wa mwezi stoo kipa anakuta mshahara umekatwa. Anaambiwa asaini. Anasaini, kwa sababu nyumbani Gongo la Mboto watoto wanasubiri ada na mwenye nyumba anasubiri kodi yake ya miezi sita. Mwezi unaofuata amekwishajifunza. Lori likiingia anaandika pungufu kidogo ya kilichoshushwa, ajiwekee akiba ya kufidia yatakayokauka. Hapo leja imeanza kusema uongo, na aliyeifundisha uongo ni ofisi.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeongoza stoo na udhibiti ubora kwenye viwanda vya chakula hapa Dar es Salaam. Siku hizi vijana wa ugavi na wa maabara wananiandikia kuuliza njia ya kupanda mpaka nafasi za juu: meneja wa bohari, mkuu wa ugavi, mkuu wa udhibiti ubora. Wengi wanauliza kuhusu vyeti. Vyeti nitavigusa, lakini nianze na jambo ambalo sikulikuta kwenye tangazo lolote la kazi. Stoo na maabara ni kazi moja yenye madaftari mawili. Mkubwa wa stoo asiyesoma daftari la maabara atamwadhibu mtu asiye na kosa. Mkubwa wa ubora asiyesoma leja ya stoo atapitisha mzigo ambao leja ilikwishamwambia una tatizo. Na wote wawili wasipokuwa na mamlaka ya kuzuia mzigo usitoke getini, vyeo vyao ni mapambo ya mlango.

Kwanza nimalizane na hilo la kukata mshahara, maana linanikera kuliko yote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata tu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi lilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kutosha ya kulipinga. Akubali kwa maandishi. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Isome tena hiyo ya kukokotoa. Mwajiri anatakiwa aonyeshe hesabu, na hesabu ya upungufu wa nafaka isiyotaja unyevu wa kuingia na wa kutoka bado haijakamilika. Mkuu wa stoo anayeijua hesabu hiyo anaweza kuingia ofisi ya rasilimali watu na karatasi moja tu akamwokoa mtu wake. Asiyeijua atabaki kumwambia, "Pole kaka, vumilia."

Ninaposema kiongozi, namaanisha huyo mwenye karatasi.

Ipo upande wa pili ambao huumiza zaidi kwa sababu hakuna anayeulalamikia. Nafaka hutoa maji hewa ikiwa kavu, na huyavuta hewa ikiwa mbichi. Dar mwezi wa Aprili, masika yamekolea, nguo zinakaa kambani siku mbili bila kukauka, mahindi yaliyoingia stoo yakiwa makavu hasa huanza kuongezeka uzito. Leja inasema tani 100, mizani inasema tani 100 na ushee. Ziada! Kila mtu anafurahi. Mhasibu anaiingiza kama faida, meneja anapongezwa, na hakuna barua ya kujieleza inayoandikwa. Mimi nikiona ziada stoo wakati wa masika ndipo ninapokosa usingizi. Kwanza, ziada hiyo ni maji, na maji ndani ya nafaka ni chakula cha ukungu. Pili, ni mahali pazuri pa kuficha wizi: mtu akitoa magunia kadhaa usiku, hesabu asubuhi itasoma sawasawa. Kwa hiyo upungufu wa Septemba unaweza kuwa haki tupu, na hesabu iliyokaa sawa mwezi wa Mei ikawa imefunika shimo. Anayetazama kilo bila kutazama unyevu hawezi kutofautisha hayo mawili.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuaibisha. Ongeza safu moja kwenye leja ya mapokezi na nyingine kwenye leja ya kutoa: unyevu. Basi. Stoo kipa aandike kilo, mtu wa maabara aandike asilimia, wote wasaini mstari mmoja. Nimeona safu hiyo ikimaliza ugomvi uliodumu miaka kati ya idara mbili, kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa wanasoma kitu kimoja.

Safu hiyo ina thamani ikiwa tu namba inayoingia humo imepatikana kwa haki, na namba inapatikana juu ya lori. Nieleze asubuhi moja.

Lori limetoka Kibaigwa, Dodoma, limefika usiku na kulala nje ya geti pamoja na mengine. Magunia kama mia tatu, yamefunikwa turubai. Dereva kijana, macho mekundu, anashuka na kunisalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari."

"Asante mama. Mzigo mkavu huu, nimesimamia kupakia mwenyewe. Naomba mnishushe mapema, tajiri anataka gari lirudi leo."

Binti wa maabara ameshika bambo. Kwa asiyelijua, ni kijiti cha chuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma kwenye gunia, punje zinateremka kwenye mfereji na kumiminika kiganjani bila kulifungua gunia. Anachoma gunia za juu. Mahindi yanashuka yakigongana, sauti ya kukauka. Kipima unyevu: 12.9, 13.1, 12.8. Dereva anatabasamu. Ninawaomba kuli watoe safu mbili za juu upande wa nyuma, karibu na mlango wa tela, pale turubai linapoishia. Wanaguna kidogo, wanatoa. Bambo linaingia gunia la chini na punje hazimiminiki. Zinatoka kwa kusukumwa, zimeshikana, mbili tatu zina rangi ya kijivu kwenye kiini. Kipimo kinasoma 15.8. Kijana anakitazama kipimo, kisha turubai, halafu anasema polepole kwamba mvua ilimkuta Gairo.

Hakudanganya. Alichokiona akipakia kilikuwa kikavu. Ndiyo maana sipendi maafisa ubora wanaoanza kazi kwa kumshuku dereva. Hasira inakufanya uchome gunia za mlangoni tu ili ushinde mabishano. Kazi inataka uchome juu, kati na chini, mbele na nyuma, kwa mpangilio uliowekwa kabla lori halijafika, awe dereva unayemfahamu au usiyemfahamu. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, inalazimisha hivyo. Haisambai sawasawa kwenye mzigo; punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na gunia la jirani likawa safi kabisa. Sampuli iliyochukuliwa sehemu moja haikwambii chochote kuhusu lori.

Mwisho wa asubuhi ile magunia yaliyolowa yalitengwa, na mapokezi yakaandikwa mistari miwili: yaliyopokelewa na yaliyokataliwa, kila mstari na uzito wake, unyevu wake na sahihi mbili. Nasema uzito, maana bado kuna stoo zinazopokea kwa kuhesabu gunia. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanakamata lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kila msimu, lakini gunia la kilo 92 na la kilo 108 yote huhesabiwa moja moja ukiwa na kalamu tu mkononi. Leja ya magunia ni leja ya vifungashio.

Kwa wanaodhani hizi ni mbwembwe za maabara: mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa mlipuko wa sumukuvu kwenye mahindi. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja, na kwa aina yake iliyo kali zaidi, B1, mikrogramu 5. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache na kuwekewa masharti, malori yalikuwa yamekwishasimama mpakani na wenye mizigo wakihesabu hasara. Siku kama hizo ndizo zinazoonyesha nani alikuwa na karatasi za kila bechi, yaani kila fungu la mzigo, na nani alikuwa na maneno.

Niende kwenye daftari la upande wa pili, maana hapa ndipo wakuu wengi wa ubora wanapojifungia maabara.

Kanuni zetu za urutubishaji wa chakula zinataka unga wa viwandani uongezwe virutubishi, vikiwemo madini chuma, zinki na asidi ya foliki. Virutubishi hivyo vinakuja kama poda iliyochanganywa tayari, kwenye maboksi, na mashine ndogo inaidondosha kwenye unga kwa kipimo. Kupima kama unga una madini chuma ni kazi ya dakika chache: unasawazisha unga kwenye sahani, unamwagia kemikali zake, na madoa mekundu yanajitokeza. Binti wa maabara anachukua sampuli saa tatu asubuhi, madoa yapo, anaandika "umefaulu". Saa nane mchana anachukua nyingine, madoa yapo. Daftari la maabara ni safi mwezi mzima.

Sasa fungua leja ya stoo. Tuseme kipimo cha mtengenezaji ni gramu 500 za poda kwa tani moja ya unga, na mwezi huo kiwanda kimesaga tani 200. Poda iliyotakiwa kutoka stoo ni kilo 100, maboksi manne ya kilo 25. Leja inasema yametoka mawili. Huhitaji kemikali yoyote kujua kwamba nusu ya unga uliokwenda madukani haukuongezwa kitu, au wote uliongezwa nusu. Mashine ilizimwa usiku, au iliziba na hakuna aliyeigusa mpaka asubuhi, au mtu wa zamu aliona poda ni ghali akaamua kumsaidia tajiri. Sampuli za mchana haziwezi kukuonyesha hilo. Leja ya stoo inakuonyesha kwa kuzidisha na kugawanya.

Mtoto wa Manzese anayekula ugali wa unga huo hana njia ya kujua. Mama yake alisoma kwenye mfuko kwamba umeongezwa virutubishi, akalipa. Kati ya huyo mama na uongo kuna mtu mmoja tu: mkuu wa ubora anayekwenda stoo kila wiki na kuuliza, "Maboksi mangapi yametoka?" Nalisema kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu nimekaa kwenye vikao ambako swali hilo lilichukuliwa kuwa la kiuhasibu na kuahirishwa.

Mlinganyo wa aina hii upo kila mahali ukianza kuutafuta. Kofia za chupa zilizotoka stoo dhidi ya chupa zilizojazwa. Lebo zilizochapwa dhidi ya makopo yaliyobandikwa. Lebo zikipungua bila maelezo, kuna mtu mahali fulani anafungasha kitu chake kwa jina lako. Kwenye dawa ni mkali zaidi, na huko kuna kanuni nyingine ninayoipenda: kinachoisha muda mapema ndicho kitoke mapema, hata kama kiliingia jana. Stoo nyingi za chakula bado zinatoa kilichoingia kwanza na kuona zimemaliza. Mzigo ulioingia leo unaweza kuwa umekaa sana bandarini au kwenye bandari kavu, na tarehe yake ya mwisho ikawa karibu kuliko ya ule wa mwezi uliopita.

Kuhusu kuhesabu stoo sina mengi. Msisubiri tarehe 31 Desemba kufunga kiwanda na kuhesabu vyote usiku kucha watu wakisinzia juu ya paleti. Hesabuni kidogo kila siku, vile vya thamani kubwa mara nyingi na vile vya misumari na kamba mara chache, na anayehesabu apewe karatasi isiyo na namba ya leja. Ukimpa namba, ataipata.

Sasa niende kwa mameneja wanaoogopa kila tofauti ndogo ya hesabu. Tarehe 16 Mei 1924 Mmarekani Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi kwa Western Electric, alimwandikia mkubwa wake waraka wa ukurasa mmoja wenye mchoro. Kwenye mchoro ule kuna mstari wa wastani na mipaka miwili, juu na chini. Namba zikicheza ndani ya mipaka, hiyo ni tabia ya kawaida ya kazi yenyewe, na kumfokea mtu kwa sababu yake ni kupoteza sauti. Namba ikivuka mpaka, kuna sababu mahususi, nenda ukaitafute leo. Karne moja imepita na viwandani mwetu bado ninakuta meneja anaitisha kikao kwa sababu upungufu wa wiki hii ni asilimia 0.6 na wa wiki iliyopita ulikuwa 0.4. Wiki ijayo utakuwa 0.5 na atasema kikao kimesaidia. Chora mipaka kwa takwimu za mwaka wako mwenyewe, kwa kila zao na kila msimu, uibandike ukutani stoo, si ofisini kwako. Stoo kipa akiiona anajua lini atulie na lini apige simu. Na atapiga, kwa sababu haogopi tena.

Habari mbaya kufika juu mapema ndiyo mali kubwa ya mkuu yeyote wa kazi hii, na huipati kwa kubandika tangazo linalosema mlango wangu uko wazi. Unaipata siku ya kwanza mtu alipoleta habari mbaya na hakukatwa kitu.

Tuje kwenye mamlaka. Hapa naomba wenye viwanda wanisome taratibu.

Angalia mchoro wa uongozi wa kampuni yako. Kama mkuu wa ubora yuko chini ya meneja uzalishaji, umemwajiri mtu wa kumkosoa bosi wake kila siku na kumwomba likizo yeye huyohuyo. Hatafanya hivyo kwa muda mrefu. Kwenye utengenezaji wa dawa, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka udhibiti ubora uwe huru, nje ya mikono ya uzalishaji, na bechi haitoki mpaka mtu aliyeidhinishwa aweke sahihi yake. Chakula kinaliwa na watu wengi kuliko dawa. Sijapata sababu ya maana ya kukiwekea utaratibu legevu zaidi.

Uhuru huo lazima uonekane kwa macho, kwa kadi na kwa komeo. Kadi ya njano kwenye paleti: inasubiri majibu. Kijani: imepita. Nyekundu: imekataliwa. Eneo la karantini lina uzio na mlango, na ufunguo anao mtu wa ubora, haukai kwenye msumari nyuma ya meza ya stoo. Mfumo wa kompyuta nao uwe na komeo lake: bechi yenye njano isiweze kutolewa invoisi hata mtu wa mauzo akibonyeza mpaka kidole kimuume. Nimeingia maghala yenye kadi za rangi zote na karantini iliyochorwa vizuri sakafuni kwa rangi ya njano, lakini mfumo unaruhusu kila kitu. Hapo karantini ni mchoro tu.

Mtihani wenyewe huja tarehe 29 au 30 ya mwezi. Lori la Mwanza limekwishapakia nusu, bechi ya mwisho bado ina njano kwa sababu majibu ya sumukuvu yanarudiwa. Meneja mauzo anakuja mwenyewe, hapigi simu. Ni mtu mwema, tunasali msikiti mmoja. "Dada yangu, nakuomba. Hii ikitoka kesho inaingia mwezi mwingine, vijana wangu wanakosa kamisheni. Majibu ya kwanza si yalikuwa mazuri?" Yalikuwa karibu na mpaka, ndiyo sababu tunarudia. Sikumhubiria. Nilimletea fomu ambayo mkurugenzi alikuwa ameikubali zamani, yenye mstari mmoja: anayetaka bechi itoke kabla ya majibu aandike jina lake kamili, cheo, saa, na sababu. Fomu ile haijapata kujazwa. Watu wengi wanaosukuma mzigo utoke hawataki kabisa jina lao litoke nao. Lori liliondoka asubuhi bila bechi ile, na vijana wa mauzo walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Tangu hapo kamisheni inahesabiwa kwa bechi zilizopitishwa na maabara. Nililipigania hilo kwenye kikao cha bajeti kwa nguvu zaidi kuliko nilivyowahi kupigania mshahara wangu, maana mfumo wa malipo unaomlipa mtu kwa mzigo wenye kadi ya njano utamshinda kila mkuu wa ubora mwishowe.

Vyeti, kama nilivyoahidi. Kwa upande wa ugavi, sheria ya mwaka 2007 iliyounda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi inataka wanaofanya kazi hiyo wawe wamesajiliwa, kwa hiyo sajiliwa na ukae mitihani ya bodi mapema, kabla ya majukumu ya familia kukubana. Kwa ubora, soma viwango vyenyewe, si muhtasari wake. ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora, ni kitabu kidogo na watu wanaoizungumzia ni wengi kuliko walioifungua. Nenda Shirika la Viwango, TBS, pale Ubungo, nunua kiwango cha bidhaa yako, kikae mezani kikiwa kimekunjwa kurasa. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamia kwao, kwa hiyo hata nyaraka za zamani zinazotaja mamlaka iliyokuwepo kabla zinatakiwa kusahihishwa, na ninashangaa ni viwanda vingapi bado vinazo ukutani.

Kisha kaa stoo. Usipite tu na koti jeupe. Shusha lori jua la saa saba, jua vumbi la pumba linavyowasha shingoni, jua kwa nini kuli wanatupa gunia badala ya kuliweka, jua mlango gani haufungi mvua ikija kwa upande. Anayepanda cheo bila kupita hapo ataletewa ripoti zilizopangwa kwa ajili yake.

Ukifika kwenye usaili wa nafasi ya juu, nao watakuuliza maswali yao. Uwe na ya kwako. Nitaripoti kwa nani? Ufunguo wa karantini anao nani leo? Leja ya mapokezi ina safu zipi? Waombe wakuonyeshe, wasikueleze. Uliza mara ya mwisho stoo kipa kukatwa mshahara ilikuwa lini na hesabu yake ilikokotolewaje. Halafu uliza mara ya mwisho mzigo kuzuiwa hapo ilikuwa lini, nani aliuzuia, na kama bado yuko kazini. Wakikutajia jina na kusema yuko chini, omba ukamsalimie kabla hamjazungumza mshahara.